Namna ya Kulibatiza Faili Upya Mpaka Babu Yake Asilitambue

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tafuta faili lililokaa kwenye mradi miaka kadhaa, ambalo watu wasiopungua watano wamelitia mkono, na ambalo jina lake linakukera. Tafuta mfumo wa kudhibiti matoleo, ile programu inayoweka kumbukumbu ya kila badiliko: nani kalifanya, lini, na alijitetea kwa maneno gani. Halafu subiri Ijumaa jioni. Mwongozo huu unafaa siku yoyote, lakini Ijumaa jioni wenzako wamo kwenye matatu na simu zimeisha chaji, kwa hiyo unapata siku mbili nzima za kuonekana mchapakazi.

Darasa letu ni Rusinga. Kisiwa hiki cha Kaunti ya Homa Bay kinajulikana kwa omena, kwa kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, na kwa mifupa iliyogeuka mawe tangu yapata miaka milioni 18 iliyopita. Waandishi wa programu hawana habari nacho, na hapo ndipo wanapojipunja. Mifupa ya Rusinga imebadilishwa majina, ikaunganishwa, ikatenganishwa na kuunganishwa tena na wasomi wenye shahada za kutosha kujaza feri ya Mbita, na kazi hiyo ilianza miongo mingi kabla kompyuta haijawa kitu cha kubebwa kwapani. Chochote unachopanga kulifanyia faili lako, kuna fuvu huko lililokwisha fanyiwa.

Ua na uzalishe kwa siku moja

Wanagenzi wengi huharibu kazi hii kwa uungwana. Hubadili jina la faili, wakakomiti, yaani wakaliingiza badiliko kwenye kumbukumbu, wakanyamaza. Kesho yake ndipo wanapoanza kugusa yaliyomo. Matokeo yake kila mtu anajua faili lilikotoka. Wewe usifanye hivyo. Badili jina na yaliyomo kwa pigo moja.

Ukali wa mbinu hii utauona ukiijua siri ya Git, mfumo unaotumiwa na karibu kila mtu siku hizi. Git haikumbuki kwamba faili lilibadilishwa jina. Usidhani ni kasoro iliyosahaulika. Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya waundaji wa Linux kunyang'anywa ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, mfumo mwingine wa aina hiyo, na alikataa makusudi kuandika mahali popote kwamba faili hili zamani liliitwa vile. Kwake yeye kinachofuatiliwa ni maudhui. Jina ni kilemba tu, huvaliwa na kuvuliwa. Kwa hiyo kila unapokomiti, Git huhifadhi hali ya mradi mzima ilivyo wakati huo. Siku utakapoiuliza kulitokea nini, hulinganisha hali mbili. Jana palikuwa na bei.py, leo halipo. Leo kuna soko.py, jana halikuwapo. Basi hupima mfanano wao, na ukifika asilimia 50 husema huyu ni yule. Usipofika hutangaza msiba na uzazi kwa pamoja: bei.py limefariki, soko.py limezaliwa, na wawili hao hawajuani.

Sasa unaiona nafasi yako. Tuseme mmeandikia kikundi cha wavuvi wa Mbita programu ya kuwajulisha wachuuzi bei ya samaki ufukweni, na bei.py ndilo faili lenyewe. Lipe jina jipya. Katika komiti hiyo hiyo panga upya mistari, geuza majina ya vigeu vyote, toa nafasi za tabo uweke nafasi za kawaida, na maelezo yaliyokuwa ya Kiingereza yafanye nusu Kiswahili na nusu Dholuo. Lenga asilimia 49. Kwenye ujumbe wa komiti andika "marekebisho madogo".

Utakutana na mtu wa kukushauri utumie amri ya git mv, eti ndiyo njia halali. Itumie, haina madhara. Ina mlio wa kisheria, inatuliza moyo, na kazi yake yote ni kuhamisha faili, kufuta jina la zamani kwenye orodha na kuingiza jipya. Haiachi hati yoyote ya uhamisho. Ni kama kupigiwa muhuri kwenye karatasi tupu.

Jambo la kuepuka kabisa ni ule mtindo wa kubadili jina peke yake katika komiti moja, na yaliyomo katika komiti nyingine. Hapo mfanano huwa asilimia 100, Git haihitaji hata kukisia, na mtu yeyote akiandika git log --follow atalifuata faili kutoka jina hadi jina mpaka siku lilipozaliwa. Kama una sababu za kutotaka kufuatwa, mtindo huo si wako.

Wazee wa CVS walikuwa na raha zaidi, nakiri. Mfumo ule wa miaka ya 1980 na 1990 haukujua kubadili jina hata kidogo. Ulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kufuta faili na kuanzisha jipya, ukaiacha historia yatima. Ya pili ni kuingia mwenyewe kwenye seva na kulihamisha lile faili la kumbukumbu kwa mkono, ambapo historia yote iligeuka ikaanza kudai kwamba faili liliitwa hivyo tangu awali. Uongo wa namna hiyo, wenye kurudi nyuma hadi mwanzo, Git haiuwezi kwa wepesi. Subversion, mfumo uliokuja kuirithi, ilipotoka toleo lake la 1.0 mwaka 2004 iliharibu starehe hiyo kwa kuandika kila faili lilinakiliwa kutoka wapi.

Fuvu lenye majina mengi kuliko mdaiwa

Oktoba 1948 mwanaakiolojia Mary Leakey aliokota Rusinga fuvu la mnyama wa kale wa jamii ya sokwe, fuvu ambalo hadi hapo hakuna aliyewahi kuona mfano wake. Leo namba yake ni KNM-RU 7290: herufi za mwanzo za Makumbusho ya Taifa ya Kenya kwa Kiingereza, RU ya Rusinga, kisha namba. Ikariri namba hiyo, maana majina hayatakusaidia.

Fuvu lilianza kuitwa Proconsul africanus. Jina halikuwa lake. Mwaka 1933 Arthur Tindell Hopwood wa jumba la makumbusho la London alikuwa amelitoa kwa vipande vya taya na meno kutoka Koru, bara, upande wa Kisumu. Alikuwa anafanya mzaha: Consul lilikuwa jina la sokwe waliovalishwa suti na kufanyishwa michezo mbele ya watu huko Uingereza, na huyu wa Koru akawa mtangulizi wa Consul. Mzaha wa alasiri moja ukaingia kwenye vitabu vyote vya sayansi. Kumbuka hilo unapoliita faili lako la kwanza jaribu2.py ukijiambia utalipa jina la heshima kesho.

Mary alilipeleka fuvu Uingereza kwa ndege, likasomwa na Wilfrid Le Gros Clark wa Oxford, likabaki huko kwa mkopo miongo kadhaa kabla ya kurudi Nairobi. Mradi ambao mtu mmoja amekwenda nao nyumbani na kuukalia, hakuna asiyeujua. Mwaka 1950 Le Gros Clark na Louis Leakey, mumewe Mary, wakapanua kabati: wakatenga spishi mpya, miongoni mwao Proconsul nyanzae, mkubwa kidogo kwa umbo, aliyepewa jina la mkoa.

Halafu mwaka 1965 wakaja wapenda usafi. Kila mradi unao: yule mtu anayefungua folda, akaona mafaili arobaini, akaamua yanapaswa kuwa matatu. Elwyn Simons na David Pilbeam walichukua masokwe wa kale wa mabara matatu wakayapunguza majina, na Proconsul wakamtia ndani ya Dryopithecus. Folda hilo lilifunguliwa na Édouard Lartet mwaka 1856 kwa taya lililopatikana Ufaransa. Kwa hiyo mnyama wa Rusinga akawa, kwa karatasi, ndugu wa kambo wa Mfaransa aliyemzidi miaka 77 ya kusajiliwa.

Muunganisho huo ulikuja kutenguliwa na Proconsul akarudishiwa folda lake. Lakini wakati huo wengine walikuwa wamekwisha chukua nakala. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vilifundishwa katika Historia ya kidato cha kwanza kwamba Rusinga ndiko alikopatikana Dryopithecus africanus, na mwalimu akaandika jina hilo ubaoni kwa chaki nyekundu. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyenakili mradi siku ya balaa na hajawahi kuvuta mabadiliko tangu hapo. Ukimwambia lilishatenguliwa, atakuuliza kama hilo litaulizwa kwenye mtihani.

Hatujamaliza. Mwaka 1993 Alan Walker na wenzake walisema spishi ndogo ya Rusinga na yule wa Koru si mmoja, wakamwita wa Rusinga Proconsul heseloni kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis Leakey miaka mingi na kuokota visukuku ambavyo sifa zake zilikwenda kwa wengine. Na mwaka 2015 Kieran McNulty akiwa na wenzake, wakiwamo Fredrick Manthi na Emma Mbua wa Nairobi, waliwatoa wa Rusinga na wa kisiwa jirani cha Mfangano kwenye folda la Proconsul moja kwa moja na kuwafungulia lao: Ekembo, neno lililochotwa katika Kisuba, lugha ya visiwa hivyo.

Ona kilichotokea. Kwa sheria za wanazoolojia, jina halimfuati aliye maarufu. Linabaki na kile kielelezo cha kwanza kilichopewa. Kielelezo cha Proconsul ni kile cha Koru. Basi sura ambayo dunia nzima iliijua kwa jina la Proconsul, ile iliyochorwa kwenye vitabu na akilini mwa watu, si Proconsul tena. Jina limebaki na taya bovu la Koru, na fuvu zuri la Rusinga limeondoka na jina jipya. Namba, KNM-RU 7290, haikutikisika.

Git nayo ina namba zake, mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili. Tofauti ni kwamba namba ya makumbusho imepewa kitu, na ya Git imepewa hali ya kitu. Fuvu likimeguka jino kwa bahati mbaya, kwa makumbusho ni fuvu lile lile lenye pengo. Kwa Git ni kiumbe mwingine kabisa, na uhusiano wao utategemea asilimia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanazoolojia hufanya, na nakuonya usiliige kwa sababu litauharibu mwongozo wote huu. Spishi ikihamishwa kutoka jenasi moja hadi nyingine, jina la aliyeipa jina kwanza na mwaka wake huwekwa ndani ya mabano: Ekembo nyanzae (Le Gros Clark na Leakey, 1950). Mabano hayo ni machozi ya kuhama. Yanamwambia msomaji yeyote, bila kompyuta wala amri, kwamba mnyama huyu zamani aliishi kwenye folda jingine na waliomsajili ni hawa. Hata yule tembo wa kale wa Karungu, huko Kaunti ya Migori, aliyesajiliwa na Charles Andrews mwaka 1911 kama Deinotherium hobleyi na sasa akiitwa Prodeinotherium, hutembea na mabano yake: (Andrews, 1911). Zaidi ya karne, majina mawili, na mwandishi wa kwanza bado yumo. Watu wa namna hii huwezi kuwaficha kitu.

Unganisha kwanza, tazama baadaye

Rusinga yenyewe iliwahi kuunganishwa. Miaka ya 1980 kisiwa kilifungwa na bara pale Mbita kwa tuta la mawe na udongo. Watu walipita, magari yalipita, maji yakakwama: mkondo uliokuwa ukipita kati ya kisiwa na bara ulizibwa. Ilibidi baadaye lije daraja lenye uwazi chini yake, ndipo ziwa likapata njia tena. Wale walioweka tuta walipata muunganisho usio na mgongano wowote, na huo ndio unaokufaa wewe.

Git ikiunganisha matawi mawili, yaani nakala mbili za mradi zilizoendelezwa kila moja kivyake, hutafuta toleo la mwisho ambalo yalikuwa bado kitu kimoja, kisha huuliza kila tawi limebadilisha nini tangu hapo. Palipoguswa na upande mmoja, hufuata upande huo. Palipoguswa na pande zote mbili kila mmoja kivyake, hunyoosha mikono na kukuachia alama ndani ya faili: safu ya vishale kuelekea kushoto, maneno yako, safu ya alama za sawasawa, maneno ya mwenzako, safu ya vishale kuelekea kulia. Waoga hukaa hapo wakasoma pande zote mbili. Wengine humpigia mwenzao simu, "Bosi, hapa ulitaka nini?" Wewe una chaguo la kuiambia Git ichukue upande wako kila palipo na mgongano. Ni haraka, na mwenzako atagundua baada ya wiki mbili.

Na pale Git isipolalamika, usidhani mambo ni shwari. Ukibadili jina la kazi, yaani kifungu cha maagizo kinachoitwa kwa jina lake, ndani ya faili kwenye tawi lako, na mwenzako kwenye tawi lake akaongeza mstari mpya unaoiita kazi hiyo kwa jina la zamani, mistari hiyo haijagusana. Muunganisho utapita laini kama samli. Programu haitawaka. Hii ni mojawapo ya zawadi za mfumo, pokea kwa mikono miwili.

Sasa twende Wakondo, kisiwani humo humo lakini wakati wa karibu zaidi, makumi ya maelfu ya miaka tu nyuma. Mwaka 1984 Martin Pickford na Herbert Thomas walieleza swala wa ajabu kutoka huko na kumwita Rusingoryx atopocranion, yaani swala wa Rusinga mwenye fuvu lisilo mahali pake. Visukuku vilikuwa vibovu. Mwaka 1991 John Harris akaona havitoshi kumpa mtu folda lake, akamwingiza katika Megalotragus, jenasi ya wanyama wakubwa waliokwisha toweka, jamaa wa nyumbu na kongoni. Kwa miaka 20 Rusinga ikapoteza swala wake kwa sahihi moja. Uamuzi haukuwa wa kipuuzi. Kwa mifupa iliyokuwapo, mfanano ulikuwa unatosha.

Tyler Faith na wenzake waliporudi Wakondo wakapata vichwa vilivyo vizima zaidi, na mwaka 2011 wakamrudishia jina lake. Kisha mwaka 2016 ikatangazwa kilichokuwa ndani ya fuvu: juu ya pua palikuwa na kichuguu cha mfupa chenye uwazi ndani, njia ya hewa iliyopindapinda, huenda ya kutoa mlio mzito wa kuitana. Nyumbu hana. Kongoni hana. Hakuna mnyama anyonyeshaye mwingine anayejulikana kuwa na pua ya namna hiyo. Waliofanana naye ni dinosaria wenye mdomo wa bata, waliotoweka zaidi ya miaka milioni 65 kabla yake.

Tafakari Git ingefanya nini na pua hiyo. Ingepima, ingefika asilimia, ingeandika kwa utulivu wake wa siku zote kwamba dinosaria amebadilishwa jina akawa swala wa Luo Nyanza. Usicheke, hufanya hivyo kila siku. Miradi mingi huweka juu ya kila faili aya ile ile ndefu ya leseni na hakimiliki. Mafaili mafupi, yenye mistari kumi ya kazi chini ya mistari thelathini ya leseni, yanafanana kuliko mapacha. Futa moja, anzisha jingine lisilohusiana nalo kabisa, na Git itakupa nasaba kamili, baba na mwana. Ukiitumia vizuri hali hii unaweza kulipa faili lako ukoo wa kifalme.

Wakati mwingine matatizo huwa upande wa pili: kitu kimoja kilichotawanywa kwenye folda nyingi. Mwaka 1951 mwanajiolojia Thomas Whitworth alitoa Rusinga mifupa ya sokwe wa kale yule yule, iliyokuwa imenaswa katika kisima cha mawe ambacho baadaye kilieleweka kuwa mti mkubwa wenye uwazi uliogeuka jiwe. Sehemu ikasomwa, ikapewa namba, KNM-RU 2036. Nyingine zikaingia kwenye droo za makumbusho pamoja na vipande vya wanyama wengine, zikatulia. Miaka takriban 30 baadaye Martin Pickford, huyu huyu wa swala, aliyapekua makabati na kuanza kukuta viungo vya mnyama mmoja vikiwa vimeorodheshwa kwa wenyewe wasio wao. Vilipounganishwa ikapatikana mojawapo ya mifupa kamili zaidi ya sokwe wa kale, na ndiyo iliyokuja kuwa kielelezo cha heseloni. Muunganisho bora kuliko wote katika historia ya Rusinga ulifanyika ndani ya droo, na mtu aliyekuwa anasoma lebo bila kuziamini.

Tawi lako na tawi la Mwanza

Mbinu ya hali ya juu ni pale watu wawili wanapolibadili faili moja majina mawili tofauti. Mfano uko chini ya pua. Kikundi chetu cha Mbita kina faili la takwimu liitwalo samaki_wadogo.csv. Wewe kwenye tawi lako unaliita omena.csv, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyosema kuanzia Homa Bay hadi Gikomba. Mshirika wenu wa Mwanza kwenye tawi lake analiita dagaa.csv. Samaki ni yule yule, ziwa ni lile lile. Siku ya kuunganisha Git itakuwekea mafaili yote mawili, itafuta la zamani, itatangaza mgongano na kukuuliza mnataka lipi.

Hapa usipige kura. Yaache yote mawili. Kila upande uendelee kujaza lake, na baada ya mwaka mtakuwa na takwimu mbili za samaki mmoja zisizolingana, jambo litakalowapa kazi washauri wawili na semina moja hotelini Kisumu. Akitokea wa Entebbe na mukene.csv, mkaribishe.

Kuhusu herufi kubwa sina mengi. Badili rusinga.csv iwe Rusinga.csv na usiseme kitu. Kompyuta za Windows, na za Apple zilivyo kawaida yake, huona hayo ni jina moja. Za Linux huona mawili. Mwenzako wa Linux anaweza kuishia na mafaili mawili, wewe moja, na kila mmoja ataapa kwamba mwenzake ameroga mradi. Dawa ni kulipa faili jina la muda lisilofanana na yote mawili, kukomiti, kisha kulipa jina unalotaka. Nimekutajia kwa ajili ya ukamilifu tu.

Hamisha folda, acha watu ndani

Folda zima likibadilishwa jina kwenye tawi moja huku tawi jingine linaingiza faili jipya kwenye folda la zamani, faili hilo linakwenda wapi? Zamani lilibaki peke yake kwenye nyumba iliyohamwa. Tangu Git 2.18 ya mwaka 2018, mfumo ukiona wote waliokuwamo wamehama, humbeba na mgeni kumpeleka kwenye nyumba mpya.

Serikali hazina toleo hilo. Wilaya ya Nyanza Kusini iligawanywa ikazaa Homa Bay na Migori, na kuna hati za mashamba kwenye masanduku ya bati ya wazee ambazo hadi leo anwani yake ni wilaya isiyokuwapo. Jimbo la uchaguzi la Mbita siku hizi linaitwa Suba Kaskazini, na Gwassi likawa Suba Kusini. Mji wa Mbita ukabaki kuitwa Mbita, katikati ya jimbo lisilo na jina lake. Mwambie mpiga kura wa Rusinga akuelekeze Suba Kaskazini, atakuonyesha alipokaa na kukushangaa.

Halafu kuna kile kilichofanyika bila amri ya mtu. Abasuba walikuja visiwani na lugha yao ya Kibantu, wakaoana na Wajaluo, wakauziana samaki nao, na vizazi vikapita. Leo watoto wengi wa Rusinga wanaota kwa Dholuo, na Kisuba kimeshikilia zaidi Mfangano. Kila palipokuwa na mgongano ulichukuliwa upande mmoja, mstari baada ya mstari, na hakuna komiti hata moja unayoweza kuinyooshea kidole. Ekembo angalau ameondoka na neno.

Ukishagunduliwa

Itafika siku bei ya omena itatoka mara mia ya ile ya ufukweni, na mama mmoja mwenye karai kichwani atawapigia simu kuwaambia anavyowafikiria. Mtu ataendesha git blame, amri inayoandika kando ya kila mstari jina la aliyeugusa mwisho. Amri hii hulifuata faili lililobadilishwa jina, mradi mfanano uwe unatosha. La kwako halikutosha. Ulilihakikisha mwenyewe kwa uangalifu mkubwa. Kwa hiyo mistari yote itakuwa na jina lako, pamoja na ule wa zamani ulioandikwa na kijana ambaye sasa yuko Dubai, unaozidisha kwa kumi badala ya kugawanya.

Wenye mifupa wangekuwa na mabano ya kumtaja yule kijana. Wewe huna. Utetezi uliobaki ni mmoja: shikilia kwamba soko.py ni faili jipya kabisa lisilo na uhusiano na lile lililokufa. Kumbukumbu zote zitakuunga mkono. Kisha kikao kitakugeukia kwa pamoja na kukuuliza kwa nini, ukiwa unaandika faili jipya kabisa, uliamua kuzidisha kwa kumi.